Sifuri Tatu kwenye Lango la Naqiro

Naqiro,
Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Kwa shemeji yangu Inoke, mchuma machungwa ya watu,

Salamu nyingi zikufikie huko Mildura, na zikukute umesimama wima, maana nasikia kazi ya machungwa inampinda mtu mgongo hadi anafanana na zile herufi ambazo mimi sikuzifikia shuleni. Unakula nini siku hizi? Unalala? Yule mpishi wenu Mtonga bado anachemsha kila kitu mpaka kikiri makosa?

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mchungaji amehubiri leo kwa saa mbili nzima juu ya subira, na sote tukajifunza subira palepale kwenye mabenchi. Nguruwe wako mweupe alizaa saba. Sita ni wazima kabisa. Wa saba usimuulizie, alikuwa mtamu. Kaburi la dada yangu, mkeo, nimelipaka chokaa upya, na mwanao Ilaitia alinishikia ndoo.

Ningeweza kukupigia simu, shemeji, lakini wewe simu unaifungulia sauti pale bwenini ili wenzako wote wafaidi umbeya wa Naqiro, na haya si ya wachuma machungwa. Halafu kuna kitu kigumu kimo ndani ya bahasha hii, nadhani umekwisha kukigusa. Kiache kwanza. Soma.

Nianze na mwezi wa sita, kwa sababu nilichokuambia mwezi wa sita kilikuwa na tundu, na wewe kwa hicho hicho ulimpigia mwanao simu ukampa maneno. Nilikuwa nimekaa naye. Ulimwambia kwamba mwanamume anayesahau kufuli lake atasahau na jina la baba yake. Akakujibu, ndiyo, baba. Kisha akaniomba nimfungie kamba za kiatu.

Wewe ulikuwa mkata miwa, hukuingia kwenye mashine za kiwanda cha sukari, kwa hiyo nikueleze sheria ya kufuli. Kila mtu anayeingia ndani ya mashine anapewa na mimi, mtunza stoo, kufuli jekundu lenye jina lake na picha yake. Anazima swichi, anaifunga kwa kufuli lake, ufunguo anautia mfukoni, na ufunguo huo hauna pacha. Kufuli likiwa pale, mashine haiwashwi hata aje mfalme na bendi yake. Kama mwenye kufuli haonekani, sharti atafutwe mpaka aonwe kwa macho, halafu watu watatu watie sahihi kwenye fomu ya bluu ndipo kufuli likatwe. Fomu hizo ziko kwangu, droo ya tatu. Mwaka huu hakuna aliyeniomba hata moja.

Tarehe kumi mwezi wa sita, alasiri, mkanda unaopeleka makapi ya miwa kwenye boila ulikwama. Ilaitia akazima, akatundika kufuli lake, akaingia chini ya mkanda na mtaimbo. Baadaye akatoka kwenda kunywa chai, kufuli akaliacha palepale, kama inavyotakiwa, maana kazi haijaisha. Alipomaliza chai akarudi ndani kwa mlango wa chini. Bisun, mwendesha mkanda, alimwona akienda kunywa chai. Hakumwona akirudi.

Wakati huo kiwanda kizima kimesimama dakika arobaini. Mvuke unashuka, malori ya miwa yamepanga foleni mpaka daraja la shule, wakulima wanapiga honi na kutaja mama za watu. Akashuka Ratu Peceli mwenyewe, meneja, mtoto wa chifu wa Delailoa, na kofia yake nyeupe isiyojua vumbi. Akauliza kufuli ni la nani. Bisun akasema la Ilaitia, Bwana, amekwenda kunywa chai. Kutoka pale mpaka kwenye kantini ni hatua mia moja. Nimezihesabu tangu siku ile, kwenda na kurudi, zinatoka mia moja kila mara. Ratu Peceli akatazama saa yake, akasema kufuli likatwe. Kufuli likakatwa. Bisun akabonyeza kitufe. Tulichosikia baada ya hapo sikuandikii.

Sasa nikwambie habari za ubao. Pale langoni pana ubao mkubwa wa kijani unaosema ni siku ngapi zimepita bila mtu kukosa kazi kwa kuumia. Siku ile ulisema mia nane sabini na moja. Mtu akikosa zamu moja tu kwa sababu ya jeraha, ubao unarudi sifuri. Unadhani ulirudi? Ilaitia alikuwa na siku kumi na mbili za likizo ya mwaka. Daktari anamkata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo, kiwanda kinaandika yuko likizo anapumzika. Siku ya kumi na tatu gari la kiwanda likaja kumchukua mlangoni kwangu na bandeji yake, likampeleka ofisini, akakalishwa kwenye kiti ili ionekane yuko kazini. Kazi yake ilikuwa kuchonga penseli. Kwa mkono mmoja, shemeji. Alikuwa anaibana penseli kwa magoti.

Na taarifa yao ikaandikwa kwamba hapakuwa na kufuli. Kijana kasahau. Kufuli lililokatwa lilitoweka pale sakafuni, likabaki neno la watu, na watu walikuwa wameingiwa na baridi ya midomo. Kila asubuhi tunaanza zamu kwa sala, Mungu alinde vidole vyetu, halafu meneja anatuambia tuongeze kasi. Mungu huwa hajibu haraka. Meneja anajibu saa ileile. Ndiyo maana watu wanamwogopa zaidi meneja.

Wiki moja baadaye Ratu Peceli alikuja nyumbani kwangu na wazee wawili wa kwao, na jino la nyangumi. Wewe hupo, dada yangu yuko chini ya chokaa, kwa hiyo mzee wa kijana ni mimi mjomba wake. Akakaa mkekani chini kabisa, akapiga makofi, akasema maneno ambayo hata mtu mwenye moyo wa bati yanamlainisha. Nikalipokea jino. Unajua kwetu maana yake: likishapokelewa, jambo limezikwa, na atakayelifukua yeye ndiye mkosaji mpya. Kwenye simu nilikuambia kwamba walikuja kwa heshima. Sikukuambia jinsi mkono wangu ulivyokuwa mwepesi kupokea.

Ningeendelea hivyo hivyo, shemeji, najifahamu. Kilichonivuruga ni Jumatatu. Kila Jumatatu waajiriwa wapya walikuwa wanaletwa mbele ya Ilaitia, naye anakunja mkono wa shati, anawaonyesha, anasema, mimi sikufunga kufuli langu, angalieni. Mwanzoni alisema akitazama sakafu. Mwezi wa nane nilipeleka glavu ofisini nikamsikia: alikuwa anayasema vizuri, kwa vituo, kama mtu wa maigizo ya kanisani. Jioni hiyo tukila mihogo na samaki wa kopo akaniambia kwa furaha kwamba sasa amekumbuka. Anakumbuka waziwazi, alilisahau kufuli juu ya benchi, karibu na kikombe cha bluu. Hata kikombe alikiona. Wamemfundisha kosa ambalo hakulifanya mpaka amelikumbuka.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuchukia kwa utaratibu.

Nikaanza kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Ratu Peceli alipokuja kuchukua buti mpya nilimpa mbili za mguu wa kushoto. Kwa kuwa ni mtoto wa chifu hawezi kukiri kwamba kiatu kimemshinda, akazivaa siku tisa. Alichechemea, akadhani ni ugonjwa wa wakubwa, akaacha kula nyama. Miwani yake ya vumbi niliipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Kofia yake niliipunguza ndani, akawa anaumwa kichwa mikutanoni na kuwakemea makarani. Nilikuwa nalala vizuri usiku, sikufichi. Lakini buti za kushoto hazimrudishii mtu jina lake.

Tatizo lilikuwa lile jino. Nikienda kushtaki, nimefukua. Nikisema kwenye mkutano wa kijiji, nimefukua. Nikajiuliza, ni wapi duniani ninaweza kumwambia Ratu Peceli lolote, mbele ya watu wote, na isihesabike kuwa ni kesi? Ndipo nikacheka peke yangu stoo mpaka karani akaja kuangalia. Huyu ni wa Delailoa. Sisi ni wa Navunivesi. Watani wetu wa tangu babu wa mababu. Mimi nikimwita mwizi wa kuku mbele ya mama mkwe wake, sharti acheke. Nikimnyang'anya nyama mdomoni, sharti aniulize kama naitaka na chumvi. Akikunja uso ameshindwa, na Delailoa nzima itamtania kwa aibu hiyo mpaka azikwe, na pale kaburini tutamtania tena.

Na siku elfu moja zilikuwa zinakuja.

Hukuwahi kuona maandalizi ya namna ile. Ijumaa iliyopita, tarehe kumi na saba. Nguruwe wanne kwenye tanuri la ardhini, magimbi, kuku, keki yenye umbo la kofia ya kazi. Mgeni rasmi ni mkaguzi wa serikali kutoka Suva, Bi Unaisi, mama mnene wa miwani, mwenye kicheko cha kuamsha watoto wachanga. Ilaitia akaambiwa abaki ofisini siku hiyo, mlango umefungwa, ili mgeni asije akauliza maswali ya huzuni kwenye sherehe. Nilisikia kwa masikio yangu pia kwamba ubao ukishapita elfu hawatamhitaji tena kwenye kile kiti.

Mimi nilipewa kazi mbili. Ya kwanza, kuleta vibao vya namba: moja, na sifuri tatu. Ya pili Ratu Peceli aliniomba mwenyewe, akinishika bega, kwamba nimtanie kidogo mbele ya mgeni kama ilivyo desturi, ili mgeni aone jinsi wafanyakazi wanavyopendana na uongozi. Nikamwambia, mtani, utajionea huruma mwenyewe. Akacheka. Alikuwa na meno mazuri sana siku ile.

Ubao huo, lazima nikukumbushe, una mlango wa waya wenye tundu la kufuli, na sababu yake ni mimi. Miaka ile nilipokuwa kijana wa miaka hamsini niliwahi kubadili namba usiku ikasomeka kwamba hakuna mtu aliyeumia kwa miaka kumi na mbili, na aliyekuwa meneja akapeleka habari gazetini. Tangu hapo wakaweka mlango. Ulikuwa unafungwa kwa kufuli la kiwanda, na kufuli la kiwanda linatoka stoo.

Basi, muziki umekwisha, sala imekwisha, nikaitwa. Nikapanda pale mbele na vibao kwapani na kopo langu la chai. Nikaanza taratibu. Nikasema leo tunamsherehekea mtani wangu kwa siku elfu bila kuumia, na ni haki yake, kwa sababu siku elfu hajagusa chombo kizito kuliko uma. Bi Unaisi akapiga paja. Nikasema watu wa Delailoa ni mabingwa wa kuhesabu, wanahesabu kuku wa jirani mpaka wanakwisha. Nikasema mtani wangu alipata ugonjwa wa mguu mwezi wa nane, akaenda kwa madaktari wawili, na hakuna hata mmoja aliyemwambia avue buti. Hapo hata madereva wa malori walikuwa wanajifuta macho. Ratu Peceli anacheka, mikono kiunoni, kama mtu anayepigwa picha.

Nikafungua mlango wa waya. Nikaondoa tisa, tisa na tisa. Nikatundika sifuri. Watu wakapiga makofi. Nikatundika ya pili, ya tatu, watu wakasimama wakingoja moja. Nikajipapasa mifukoni. Nikapapasa na mifuko ya Ratu Peceli. Nikasema, jamani, moja sina. Nimeitafuta stoo nzima. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye mkono wa kulia wa Ilaitia. Mtani, ule mkono mliuweka wapi?

Watu wa nyuma walicheka kwa mazoea. Wa mbele hawakucheka. Nikafunga mlango wa waya, nikatoa kufuli jekundu lenye jina langu na picha yangu, nikalibana hapo, sifuri tatu ndani. Halafu nikafungua kopo la chai na kumwaga mezani, kando ya keki, kufuli lingine jekundu lililokatwa shingo. Nikasema hili halikuwepo, kama mnavyojua. Taarifa inasema halikuwepo. Limetokea tu ndani ya majani ya chai.

Ratu Peceli aliendelea kucheka, shemeji. Aliendelea kwa sababu hakuna aliyempa ruhusa ya kuacha. Nilimtazama mdomo ukiwa wazi na macho yameshahama, na nikuambie ukweli, ule utamu niliousikia kifuani hata nyama ya nguruwe wako wa saba haikufika. Akanisogelea akanong'ona, inatosha, mtani. Nami nikawatangazia watu kwa sauti: mtani anasema inatosha. Tarehe kumi mwezi wa sita, dakika ya arobaini, haikumtosha.

Hapo akasimama Bisun. Unamjua Bisun, mtu wa kusalimia hata mbwa wa watu, hajawahi kuinua sauti tangu azaliwe. Akavua kofia. Akasema, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Kufuli lilikuwepo, nililiona, lina picha ya Ilaitia ametabasamu. Sijalala na mke wangu chumba kimoja tangu mwezi wa sita, kwa sababu napiga kelele. Akakaa. Mke wake alikuwa pale na watoto, akamshika mkono.

Sijui nani alimfungulia Ilaitia. Nilimwona tu anakuja kati ya watu, mkono wa shati umefungwa fundo, na watu wanampisha kama wanavyompisha mchungaji. Akafika mezani. Akalichukua lile kufuli kwa mkono wa kushoto, akafuta majani ya chai, akatazama picha yake. Nilidhani atalia au atampiga mtu. Akanitazama mimi, akasema, kumbe nilifunga, Mjomba. Nikamwambia ulifunga. Akasema tena, peke yake, kama mtu anayejaribu nguo, kumbe nilifunga.

Bi Unaisi hakuwa anacheka tena. Akaliomba kufuli, akasoma jina, akauliza ni nani aliyeamuru likatwe. Ratu Peceli akasema, ni mimi. Alisema wazi, sitamnyima hilo. Akauliza fomu ya bluu iko wapi. Hakuna. Akauliza, na mkono uliolikata ni wa nani? Bisun alinitazama, akainamisha kichwa. Ratu Peceli naye akanitazama, muda mrefu kidogo. Kisha akamjibu mkaguzi: amri ilikuwa yangu, mama, andika jina langu.

Karani mmoja, mjinga wa watu, akapendekeza ule mlango wa ubao ukatwe ili namba ikae sawa, chakula kinapoa. Bi Unaisi akamwambia kwamba siku atakayomwona mtu wa kiwanda hiki anakata kufuli la mtu mwingine, atakifunga kiwanda chenyewe. Kwa hiyo sifuri ziko pale mpaka sasa ninapokuandikia. Leo tukitoka kanisani watu walizunguka njia ndefu ili wakazione. Kiwanda kimesimamishwa mpaka uchunguzi, na Bi Unaisi anarudi Jumatano kuandika maelezo ya kila mmoja. Amemwambia Ilaitia mbele yangu kwamba ile taarifa itafutwa, na kwamba hatakiwi kusema lile shairi lake la Jumatatu tena.

Nilidhani hapo ndipo nitakapokaa chini, nikanywa vifuu vyangu vya yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, na kufurahia adui yangu alivyovunjika. Jana Ratu Peceli alikuja. Miguu peku, peke yake, bila wazee, na jino kubwa zaidi ya lile la kwanza. Nikamwambia silipokei. Nikamwambia baba wa kijana yuko Australia, na mimi si mtu safi wa kupokea. Akalifunga jino kwenye kitambaa chake, akakaa. Akasema, sikukutaja, mtani. Nikasema nilisikia. Akaondoka. Yaani nimempangia njama mtu huyu siku hizi zote, nimemvua nguo mbele ya mgeni wake, naye akanifunika mimi. Tangu jana mate yangu ni machungu na sijui kama namchukia zaidi au kidogo.

Shemeji, rudi juu uangalie nilivyokuandikia. Niliandika kufuli likakatwa. Kana kwamba makufuli hujikata yenyewe kwa uchovu. Mkasi wa kukatia vyuma ulitoka stoo kwangu, na Ratu Peceli hajui hata unavyoshikwa. Nilikata mimi, Sakiusa, kwa mikono yangu yote miwili ambayo bado ninayo.

Na si kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilipoweka meno ya mkasi kwenye shingo ya lile kufuli nilimwona kijana anatabasamu kwenye picha, nikasema kwa sauti, mtani, kama mpwa wangu yumo humo ndani leo tutakula mchuzi wa makapi. Watu wakacheka. Ratu Peceli naye akacheka. Pale walikuwepo watu kumi na mmoja, na mmoja tu ndiye angeweza kumwambia mtoto wa chifu hapana, nenda kamwangalie kijana kwanza, na asipate hata karipio, kwa sababu ni mtani wake. Ruhusa ile nilikuwa nayo mfukoni kama ufunguo. Niliitumia kuchekesha, halafu nikabana mkasi.

Lile kopo la chai pia usinisifu. Nililiokota kufuli na kulificha siku ileile kwa woga, ili mtu asije akauliza nani amelikata. Lile jino la kwanza nililipokea haraka kwa sababu lilikuwa linanizika mimi pia. Siku mia moja na ishirini na tisa mwanao amelala kwangu, amekula kwangu, na kila Jumatatu akajitia hatiani badala yangu. Ijumaa jioni aliniuliza, Mjomba, nani alikata? Nikamwambia nitamjibu nikishamwandikia baba yake. Akasema sawa, atangoja. Akaenda kuosha vikombe.

Jumatano nitamwambia Bi Unaisi jina langu na alama ya kidole nitatia. Ratu Peceli asibebe mkono wangu, ana mizigo yake ya kutosha, na nataka aibebe yote bila kupunguziwa.

Kile kitu kigumu kwenye bahasha ni ufunguo wa kufuli langu pale langoni. Hauna pacha. Picha yangu iko pale juu, kila anayeingia kiwandani anaiona imekaa chini ya sifuri tatu, na hakuna wa kuitoa ila wewe. Usiutume kwa mtu. Njoo nao mwenyewe, hata machungwa yaoze. Mwombe kijana msamaha wa yale maneno ya simu, halafu mimi unifanye unachotaka. Wewe ni shemeji yangu, tumetaniana miaka thelathini, lakini siku hiyo sitakuomba unichukulie kwa utani.

Nisalimie Mtonga na wote wa bwenini. Kula, tafadhali, na vaa soksi mbili, nasikia asubuhi za huko bado zina meno. Nguruwe mweupe anakusalimu, ingawa kwa kinyongo.

Bahasha sitaifunga. Ilaitia ndiye atakayeipeleka posta kesho. Nimemwambia ailambe mwenyewe akishamaliza, na ameniuliza akishamaliza nini. Nikamwambia atajua.

Ni mimi shemeji yako,
Sakiusa wa stoo